Avoka anayeutaka uwaziri: baro, kabine, kura au chuo?

Kila mwaka fakulte ya sheria ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, inatoa vijana wanaojua mapema wanataka kufika wapi, na si kwenye kesi ya parseli (kiwanja) iliyouzwa mara mbili kule Ruashi. Wanataka kiti cha waziri. Sioni ubaya wowote. Nchi yetu ya Kongo imezoea kuongozwa na wanasheria, na yule anayesema kwamba siasa haimhusu mara nyingi ndiye wa kwanza kujua ni lini chama kinafunga orodha ya wagombea.

Swali lao huwa ni hili: njia gani inafika haraka? Mimi ningeanza na lingine. Usiku ule ordonansi, yaani amri ya Rais ya kuteua serikali, inaposomwa RTNC, televisheni ya taifa, na jina lako halimo, kesho yake asubuhi unaamkia wapi? Njia nitakazolinganisha hapa zote zimewahi kufikisha watu serikalini. Tofauti yao kubwa iko kwenye kurudi.

Kiti kimoja, watu wanne

Tuchukue wizara ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaiota, yaani ile ya Sheria yenyewe. Kati ya 2019 na 2025 imepata mawaziri kamili wanne. Célestin Tunda Ya Kasende, avoka (wakili) na profesa, aliingia 2019 akiwa pia naibu waziri mkuu. Julai 2020 alishajiuzulu, baada ya mzozo wa miswada ya kurekebisha mahakama uliozigonganisha kambi mbili zilizokuwa zikigawana serikali. Akaja Rose Mutombo, majistra (mtu wa ujaji na uendeshaji mashtaka), kuanzia 2021 hadi 2024. Baada yake Constant Mutamba, ambaye miezi michache nyuma alikuwa mgombea urais katika uchaguzi wa Desemba 2023. Alijiuzulu Juni 2025, na Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Kasasio, iliyo juu ya mahakama za rufaa, ikamhukumu miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa katika kesi ya fedha za kujenga gereza Kisangani. Agosti 2025 kiti kikaenda kwa Guillaume Ngefa, mwanasheria aliyefanya kazi ya haki za binadamu katika misheni za Umoja wa Mataifa.

Hao wanne walipitia milango minne tofauti: baro (chama cha mawakili) pamoja na chuo, umajistra, siasa za jukwaani, na mashirika ya kimataifa. Kati ya watatu waliokwisha kutoka, hakuna aliyefikisha hata miaka minne. Kwa hiyo anayekwambia kwamba njia ni moja hajaangalia vizuri, na anayepanga maisha kana kwamba uwaziri ni kazi ya kudumu hajaangalia kabisa.

Jambo moja la kisheria ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: waziri anahukumiwa na Mahakama ya Kasasio kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ndivyo Katiba inavyosema katika kifungu cha 153. Aliyeiba mbuzi Katuba ana haki ya rufaa, Excellence hana.

Baro kwanza

Ukimaliza masomo unatafuta patron wa staji, yaani avoka mzoefu wa kukufundisha kazi, unakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, halafu unakuwa stajieri kwa miaka 2. Sheria inayosimamia haya bado ni ile ya tarehe 28 Septemba 1979, enzi za Mobutu.

Mtu asikupambie miaka hiyo. Asubuhi uko Palais, jengo la mahakama, umesimama mbele ya karatasi ya kesi za siku iliyobandikwa ukutani, kidole kinashuka kutafuta namba ya faili ya patron. Kesi inaitwa, upande wa pili wanadai hawakupata wito, inaahirishwa kwa wiki mbili. Mchana uko grefu, ofisi ya makarani, unangoja nakala ya hukumu. Karani anakwambia, "Maître, mashine haina wino," na wewe unajua maana yake, na yeye anajua kwamba unajua. Jioni patron anakupa ya teksi, au hakupi. Mshahara hauzungumzwi.

Lakini hapo ndipo unapojifunza vitu viwili ambavyo siasa itakudai baadaye: kusimama na kusema mbele ya watu wasiokupenda, na kumsikiliza mama wa Kampemba akieleza shida yake kwa nusu saa bila kumkatiza. Wanasiasa wengi wanalo la kwanza. La pili ndilo linaloleta kura.

Tena baro ya Haut-Katanga ina jambo ambalo wenzetu wa miji mingi hawalipati: migodi. Sheria ya madini ya 2002, ilivyorekebishwa Machi 2018, inaidai kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya jamii zinazoizunguka, na isaini nazo kaye de sharji, yaani hati ya ahadi zake: shule, visima, zahanati, barabara. Katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya serikali ya mtaa (sekta, shefferi au komini) ambako mgodi uko. Maneno hayo yapo kwenye sheria, ila kijijini hakuna anayeyasoma. Avoka anayekwenda upande wa Kipushi, akaketi na machifu na kina mama chini ya mti, akawasomea hati ile kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, huyo hana haja ya kubandika picha yake ukutani wakati wa kampeni. Wanamjua.

Kuna sharti lakini. Huwezi kuwa avoka wa kampuni na avoka wa kijiji kwa pamoja. Kampuni inalipa vizuri, kwa dola na kwa wakati. Kijiji kinalipa kwa kuku na kwa kumbukumbu. Mwenye nia ya siasa lazima achague mapema ni deni la aina gani anataka kudai. Ukila kwa kampuni miaka kumi kisha ukaenda kuomba kura kwa watu uliowapinga mahakamani, watakupokea kwa heshima, watakula wali wako, na siku ya kura watampa mwingine.

Baro ina siasa zake za ndani pia. Kumchagua batonie, kiongozi wa baro, ni uchaguzi kamili: kambi, ahadi, simu za usiku. Jean-Claude Muyambo alikuwa batonie hapa Lubumbashi kabla ya kuwa waziri Kinshasa enzi za Joseph Kabila. Akaongoza chama chake, SCODE, akakitoa katika kambi ya serikali, na Januari 2015 akakamatwa, baadaye akahukumiwa kifungo. Ni safari inayoonyesha pande zote mbili: baro inaweza kukutoa Lubumbashi hadi meza ya mawaziri, na kujua sheria si kinga pale siasa inapokugeuka.

Kuhusu kurudi, baro ni nzuri kwa sharti moja. Kifungu cha 97 cha Katiba kinamkataza mtu wa serikali kufanya kazi nyingine ya kitaaluma, kwa hiyo siku ya uteuzi unaivua joho. Ukiwa na ofisi yenye wenzako watatu au wanne, wateja wanabaki, na ukirudi unaikuta milango wazi. Ukiwa peke yako na katibu mmoja, utarudi ukute kodi ya nyumba inadaiwa na faili ziko kwa avoka wa jirani.

Kabine

Hii ndiyo njia ya wenye haraka. Waziri, wa taifa au wa jimbo, ana kabine yake, yaani ofisi ya watu wake wa karibu: dircab (mkurugenzi wa kabine), naibu wake, washauri, watu wa misheni. Mshauri wa mambo ya sheria hakosekani. Kijana wa miaka thelathini anaweza kuingia humo kwa simu moja ya mjomba, na mwezi huohuo akawa anaandika rasimu za maagizo ambayo nchi nzima itayatii.

Kama shule ya utawala, sijui iliyo bora kuliko hii. Avoka wa Palais anaijua sheria baada ya kutoka kwenye gazeti rasmi. Mtu wa kabine anajua ilivyopikwa, nani aliongeza mstari wa tatu na kwa nini. Anajifunza kwamba barua isiyofuatiliwa haijibiwi, na kwamba muswada mzuri unaweza kulala mezani mwaka mzima kwa sababu wakurugenzi wawili hawasalimiani.

Ubaya wake ni huu: hicho cheo si chako, ni cha waziri. Akitoka unatoka naye. Siku ya remiz e repriz, yaani makabidhiano, unakabidhi gari, ofisi na faili, mnasaini, mnapiga picha na kabine mpya ikitabasamu upande wa pili. Kufikia jioni simu iliyokuwa inalia hadi saa sita za usiku inakuwa na ujumbe wa kampuni ya mtandao tu. Aliyeingia kabine akiwa na miaka mitano ya baro anarudi mahakamani na majina makubwa kwenye simu yake. Aliyeingia moja kwa moja kutoka chuo anarudi nyumbani kwa wazazi, mwenye umri wa miaka 34, akisubiri waziri wake ateuliwe tena. Lubumbashi imejaa hao, wamevaa vizuri na hawana kazi.

Upo mlango wa pembeni unaofanana na huu lakini una nguvu kuliko huu: kuwa avoka wa mwanasiasa kabla hajawa mkubwa. Peter Kazadi alikuwa avoka wa Félix Tshisekedi, akawa depite (mbunge) wa jimbo Kinshasa, na Machi 2023 akateuliwa naibu waziri mkuu wa mambo ya ndani. Kumtetea mtu miaka ambayo kumtetea ni hatari kunajenga imani ambayo hakuna barua ya maombi inayoweza kuijenga. Sikushauri lakini uipange kama biashara. Kwa kila mpinzani aliyefika Ikulu wako wengi ambao hawakufika, na maavoka wao bado wanawadai.

Kura

Umri ni miaka 25 kwa Bunge la taifa na 30 kwa Seneti. Hapo ndipo urahisi unapoishia.

Kwanza kabisa, kwa Bunge la taifa mji wa Lubumbashi ni eneo moja la uchaguzi. Humpingi mtu mmoja wa mtaa wako. Unashindana na kila mtu kuanzia Kamalondo hadi Annexe, wakiwemo wagombea wenzako wa orodha yako. Kura inapigwa kwa jina, kwa hiyo rafiki yako wa chama ni mpinzani wako wa kwanza. Pili ni mahesabu ya sheria ya uchaguzi ya 2022, ambayo naona hata maavoka hawayasomi hadi mwisho. Chama kinapaswa kuweka wagombea kwa angalau asilimia 60 ya viti vyote vinavyogombewa nchini, la sivyo orodha zake hazipokelewi. Na kikishindwa kufika asilimia 1 ya kura za nchi nzima, hakipati kiti popote. Maana yake, unaweza kuwa wa kwanza Lubumbashi na usikae Bungeni kwa sababu chama chako hakikuonekana Ubangi wala Kwilu. Kabla ya kuuliza chama kina itikadi gani, uliza kina wagombea wangapi.

Tatu ni kilio. Sizungumzii machozi ya baada ya matokeo, nazungumzia matanga. Mgombea wa mji huu anaishi kwenye vilio vya watu: jeneza, mahema, viti, chakula cha waombolezaji, na lazima uonekane mwenyewe, si bahasha peke yake. Kampeni rasmi ni ya wiki chache, vilio ni vya miaka mitano. Anayeingia na mshahara wa stajieri atazama kabla ya kuogelea.

Na hata ukishinda, Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi, ilifuta kura za wagombea 82 kwa madai ya udanganyifu na vurugu. Migogoro ya kura za wabunge wa taifa inaishia Mahakama ya Katiba, Kinshasa. Hapo angalau avoka ana faida: anajua kuandika ombi lake, na anajua siku za mwisho za kulipeleka.

Pamoja na shida hizo zote, kura ina jambo ambalo njia nyingine hazina: hakuna ordonansi inayokutoa, labda Bunge lenyewe livunjwe. Tena tangu marekebisho ya Katiba ya Januari 2011, depite anayeteuliwa waziri haupotezi ubunge wake. Msaidizi aliyechaguliwa naye kwenye karatasi anaketi mahali pake, na waziri akiachishwa anarudi kwenye kiti chake Bungeni. Ndiyo maana kwenye karatasi za wagombea utaona msaidizi wa kwanza ana jina la ukoo lilelile la mgombea. Watu wanacheka, lakini mwenye akili anaelewa. Kwa upande wa kurudi, huu ndio mlango ulio imara kuliko yote, mradi umeshaupata.

Umajistra, kwa ufupi

Unafaulu mashindano, unateuliwa, unapangiwa kazi mahali ambapo pengine hujawahi kupasikia, na unakatazwa siasa. Ubunge na umajistra haviwezi kukaa pamoja kwa mtu mmoja. Rose Mutombo ameonyesha kwamba waziri anaweza kutoka humo, ila aliteuliwa, hakugombea. Ukipenda kazi yenyewe ya kuhukumu au ya parke (uendeshaji mashtaka), nenda kwa moyo wote. Ukiichukua kama ngazi ya kwenda serikalini, utazeeka ukisubiri simu, na katika kusubiri utaanza kutoa hukumu zinazompendeza mtu fulani. Hapo utakuwa umeharibu vitu viwili kwa wakati mmoja.

Chuo

Hii ndiyo njia inayodharauliwa, na kwangu mimi ndiyo yenye siri kubwa. Rudi kwenye kifungu kilekile cha 97. Kinamfungia waziri kazi zote isipokuwa chache: kilimo, ufundi wa mikono, utamaduni, kufundisha na utafiti. Avoka anavua joho, profesa anabaki na ubao wake. Waziri anaweza kisheria kufundisha sheria ya katiba Jumamosi asubuhi, na siku akifukuzwa anafundisha Jumatatu pia. Si ajabu basi kwamba majina mengi makubwa ya sheria katika siasa zetu yalitanguliwa na neno Profesa: Vunduawe, Boshab, Tunda.

Gharama yake ni muda. Asistanti, shefu wa kazi, tezi (tasnifu) ya udaktari, halafu uprofesa: mwenye bahati anatumia miaka kumi na zaidi, wengine ishirini. Katika muda huo wenzako wa kabine watakuwa wamebadilisha gari mara tatu. Wewe utakuwa unasahihisha mitihani Kasapa, kwenye barabara ileile yenye chuo na gereza kuu la mji, jambo ambalo wanafunzi wa sheria hawachoki kulifanyia mzaha.

Njia ya zamani ya kuyaruka haya yote ilikufa na kizazi chake. Étienne Tshisekedi alichukuliwa katika Baraza la Makamishna, serikali ya muda ya mwaka 1960, upande wa sheria, akiwa bado hajamaliza masomo katika chuo kikuu cha Lovanium, alimaliza 1961. Wakati ule wanasheria Wakongo walihesabika kwa vidole. Leo mwenye diploma peke yake ni mmoja katika umati.

Usisahau jimbo

Wote wanatazama Kinshasa. Lakini gavana anaruhusiwa mawaziri wa jimbo wasiozidi 10, anawachukua ndani au nje ya Bunge la jimbo, na ofisi zao ziko hapahapa mjini. Avoka wa Lubumbashi anayekuwa waziri wa jimbo anaendelea kusali parokia yake, wateja wake wa zamani wanamwona, na akitoka hahitaji tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani.

Depite wa jimbo naye si mdogo kama cheo kinavyosikika: ndiye anayemchagua gavana na maseneta. Kura chache namna hiyo zina bei yake, na wote tunajua. Machi 2019 Rais alisimamisha kwa muda kuketishwa kwa maseneta kutokana na tuhuma za rushwa. Avoka anayeingia mchezo huo aingie akijua kwamba atapewa bahasha kabla ya kupewa kiti.

Kwa hiyo uchague nini

Kama una miaka 25, huna mjomba Kinshasa wala pesa ya vilio, nenda baro, na uikae si chini ya miaka saba. Chukua kesi za ardhi na za vijiji vya migodi. Kabine ije baadaye, iwe ya jimbo kwanza, na usikae zaidi ya waziri mmoja.

Kama mjomba yupo na simu imeshapigwa, sitakudanganya kwamba utakataa. Pokea, ila maliza staji kwanza. Waziri anayekutaka kweli atakungoja. Asiyekungoja hatakukumbuka siku ya kuondoka.

Kama unapenda vitabu na una uvumilivu, anza uasistanti na baro pamoja. Ni mzigo, lakini ndiyo mseto pekee unaokuachia milango miwili nyuma yako.

Kwa dada zetu wa sheria kuna la ziada. Sheria ya 2022 inaisamehe amana ya kugombea orodha yenye angalau nusu ya wanawake, kwa hiyo vyama vitakutafuta. Mwulize katibu wa chama kwa upole, "Papa, mnanitaka kwa kura zangu au kwa kuokoa amana?" Jibu litakuonyesha kama kuna pesa ya kampeni nyuma ya jina lako, au ni karatasi tu.

Na yeyote utakayekuwa, kabla hujapokea uteuzi wowote kaa na wenzako wa ofisi muandike: nani anasaini ukiwa haupo, faili zipi zinabaki kwa jina lako, honorari (malipo) za kesi ulizozianza zinagawanywaje, na jina lako linarudi vipi mlangoni. Siku hiyohiyo anza kuandaa orodha ya mali yako, nyumba, parseli na akaunti, za mke au mume na watoto pia. Mahakama ya Katiba inataka tamko hilo unapoingia serikalini na tena unapotoka, na ukikaa siku 30 bila kulipeleka unahesabiwa kuwa umejiuzulu.